Damu ya Papa Kambale

Wenzangu wa kazini wananitania kwa sababu ya makayabo. Hapa Goma samaki huyo mkavu wa chumvi amejaa kila soko, na mimi, mwanamke mzima ninayeshinda maabara na vichupa vya damu na mikojo ya watu bila kukunja uso, nikifika penye makayabo nachepuka kando. Nawaacha wacheke. Nikiwaambia kwamba hiyo si harufu ya samaki, ni harufu ya mtu, watacheka mpaka wakae chini. Lakini wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Butembo, na tangu hapo nimekwenda sokoni mara tatu kusimama mbele ya makayabo. Sinunui kitu. Nanusa tu, hadi mwenye meza ananiuliza kama naumwa.

Sisi ni watu wa Karuba. Kwetu ni juu, kwenye baridi, viazi na ng'ombe, na mtoto wa kule hajui joto ni nini mpaka ahame. Baba aliondoka kabla vita havijatufikia. Alikwenda Walikale, kwenye machimbo ya dhahabu ya Omate, akisema atachimba msimu mmoja tu halafu arudi anunue ndama. Aliondoka amevaa koti lake zito la sufu, lile la kuchungia. Mama alimwambia kule chini ni joto, aliache. Baba akasema koti likiachwa litaibwa. Nilicheka sana siku ile, na kicheko hicho ndicho kitu cha mwisho baba alichokisikia kutoka kwangu.

Kisha bunduki zikaanza kulia upande wa Mushaki. Mama akafunga sufuria ndani ya blanketi, tukateremka kwa miguu kumfuata baba. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Tulikuwa wawili tu, maana wadogo zangu wote walizikwa kabla hawajajifunza kutembea. Ninyi mliokuwa watoto katika miaka ile mnazijua njia zile, sina haja ya kuzieleza. Omate hatukufika. Tulipofika Walikale, watu walimwambia mama kwamba njia ya machimbo imefungwa, wenye silaha wanawazuia wapitaji, hasa wageni. Tukapewa chumba nyuma ya kanisa, mama akaanza kulima mashamba ya watu, na mimi nikabaki peke yangu kutwa nzima.

Sijawahi kuwa mpweke vile tena, na nimeishi siku nyingi za upweke tangu hapo. Msitu ulikuwa umeziba kila upande, wala sikuona mlima hata mmoja wa kuniambia kwetu ni wapi. Watoto wa pale walizungumza lugha yao, wakahamia Kiswahili pale tu walipotaka nielewe kwamba wananicheka. Nilijifunza kukaa. Nilikaa kwenye jiwe moja nyuma ya kanisa, nikihesabu siafu, nikiongea na baba kwa sauti ndogo. Nilimweleza mambo yote ya siku hiyo, hata yale ya uongo, ili aone ninaendelea vizuri.

Kwetu juu mbu ni wachache. Kule chini walinikuta sina ulinzi wowote. Homa ilinipata mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu haikuondoka. Watoto ndio walioona kabla ya mama. Msichana mmoja alinishika mkono, akaugeuza, akawaita wenzake. "Angalieni mukono yake," alisema. "Ndani iko mweupe sawa unga." Wote wakaja kutazama viganja vyangu, na nakumbuka kwamba nilifurahi kidogo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kunishika.

Mama alinibeba hadi kituo cha afya. Muganga, mama mmoja mnene aliyevaa mabuti ya mvua, alinivuta kope la chini, akatazama, akamgeukia mama.

"Mama, mutoto hana damu. Imeisha."

Imeisha imekwenda wapi? Sikuwa na kidonda. Nilijipapasa, nikachungulia kitenge alichonibebea mama nikitafuta doa, nikafikiri labda imedondoka njiani matone matone tangu Karuba, na kwamba mtu mwenye subira angeweza kuyafuata akafika kwetu. Leo naweza kuwaeleza ilikokwenda. Kimelea cha malaria huingia ndani ya seli nyekundu, kikaila kutokea ndani, kikazaana, kikaipasua, watoto wake wakaingia katika nyingine. Naviona kila siku kwenye darubini, vipete vidogo ndani ya seli, na hadi leo nikiviona kwenye damu ya mtoto nasikia hasira kama ya mtu aliyemkuta mwizi wake wa zamani.

Muganga akachoma kidole cha mama, akaweka tone kwenye kigae cheupe, akaweka na langu, akachanganya. Nilikuwa nimelala pale pale, nikaona. Damu ilikatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika.

"Ya kwako inakataana na yake, Mama. Haiwezekane."

Mama aliomba ajaribu tena. Muganga akamwambia kwamba akiitia hiyo, mutoto ataisha papo hapo. Siku hizi mimi mwenyewe huwaeleza akina mama jambo hilo mara nyingi: kwamba kundi la damu ni kama urefu au sura, mtoto anaweza kuchukua la huyu au la yule, na kukataana si kukosa upendo. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba damu ya mama yangu ilinikataa.

"Papa wa mutoto iko wapi?" muganga aliuliza.

"Iko Omate."

 Muganga alitoka nje barazani, nikamsikia akiwauliza watu waliokuwa wamekaa pale, "Nani kati yenu anajua iko na grupe O?" Damu ya kundi hilo hupokelewa na karibu kila mtu.

Hivyo ndivyo Papa Kambale alivyoingia katika maisha yangu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi, sabuni na makayabo karibu na soko, na alikuwa amekuja kituoni kuleta katoni ya sabuni tu. Mtu mnene, mrefu, mwenye sauti ya kuita kondoo. Alisema yeye ni O, alipimwa kwao, halafu nadhani akajuta, maana alipoiona sindano alifumba macho na kuanza Salamu Maria kwa sauti, akairudia hadi mfuko ukajaa. Muganga akamwambia, "Papa, Mama Maria amesikia, pumuzika." Hata mama alicheka. Mfuko ukatundikwa kwenye msumari juu yangu, na nikaisikia damu ya Papa Kambale ikipanda mkononi mwangu, ya baridi, huku yeye amekaa kwenye benchi karibu nami akinywa soda na kunuka makayabo. Kesho yake niliomba ugali.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Babu yangu alikuwa na rafiki huko Burungu, ambaye alinywana naye damu kabla baba hajazaliwa. Kila mmoja alichanjwa kidogo juu ya tumbo, matone yakaanguka ndani ya maziwa, kila mmoja akanywa ya mwenzake. Tangu siku hiyo mzee wa Burungu aliingia nyumbani kwa babu bila kubisha hodi. Hawakunyimana kitu. Hawakudanganyana hata kwa mzaha, kwani maneno yaliyosemwa siku ya kunywana yalikuwa wazi: ukinidanganya, damu yangu ikuvimbishe. Babu alinisimulia hayo mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote, na mimi sikuwa mtoto wa kuchezea maneno ya babu.

Kwa hiyo nilipolala pale na damu ya mtu ndani yangu, nilijua vizuri kabisa kilichotendeka. Ila kilikuwa nusu. Yeye alinipa yake, mimi sikumpa yangu. Nilipopata nguvu ya kutembea nilichoma kidole kwa mwiba, nikakibana, nikaenda dukani kwake nikiwa nimekiinua juu ili tone lisianguke.

"Sifa!" aliniita kwa jina langu. "Umejikata?"

"Hapana, Papa. Nimekuletea ya kwako. Tumalize kunywana."

Alicheka hadi mizani ikatikisika. "Mimi niko mukristo, mutoto wangu! Mambo ya bazee ile."

Sikucheka. Nilibaki nimeinua kidole. Nafikiri aliuona uso wangu, kwa sababu kicheko chake kilipungua taratibu, akazunguka meza, akachuchumaa mbele yangu. Alipaka lile tone kwenye punje ya chumvi, akailamba.

"Haya. Imeisha?"

"Bado. Useme: nikikudanganya, damu yako inivimbishe."

"Nikikudanganya, damu yako inivimbishe," alisema, akapiga ishara ya msalaba. "Amina."

"Sasa hauwezi kunikatalia kitu," nilimwambia. "Uniletee papa yangu. Iko Omate. Anavaa koti."

Akasimama, akajifuta magoti. Kweli wabebaji wake walikuwa wakipeleka chumvi Omate kabla njia haijafungwa. Alisema, "Njia ikifunguka, mimi mwenyewe nitaenda."

Hiyo ilikuwa kabla ya Noeli. Njia haikufunguka. Kila siku mama alipokwenda shambani, nilikwenda kukaa kwenye ngazi ya duka, na kila siku niliuliza, na kila siku Papa Kambale alijibu, "Bado." Hakuchoka wala hakunifukuza. Wateja walimuuliza mimi ni nani, na yeye akasema, "Huyu njo mutoto wangu wa damu," wakacheka, na mimi nikajinyoosha pale kwenye ngazi kwa fahari. Saa sita alinigawia ugali na kipande cha makayabo. Upweke haukuondoka, nilikuwa bado nafikiri kuhusu kile kigae, na mama akinikumbatia nilijiuliza kama damu yake inajua inafanya nini. Lakini sasa nilikuwa na mahali pa kukaa nao.

Shule zilikuwa zimefunga, mwezi wa saba, njia ilipofunguka. Papa Kambale alitimiza neno. Aliondoka na wabebaji wake, duka likafungwa, nami nikakaa kwenye ngazi vile vile. Aliporudi, amekonda na miguu imechubuka, alipita moja kwa moja kwa mama. Mimi niliambiwa nikachote maji. Niliporudi nilimkuta Papa Kambale amesimama nje ya mlango, amekunja mikono kifuani.

"Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Alisema nini?"

Alitazama ndoo yangu. "Alisema anakusalimia sana. Alisema kazi iko mingi, lakini atakuja. Ukule, uongeze damu, akikuja akukute muzima."

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote. Kesho yake mama alinyoa kichwa, akasema ni chawa, nikaamini. Alilia akipika, akasema ni moshi, nikaamini. Kwa nini nisiamini? Papa Kambale alikuwa amesema, na Papa Kambale asingeweza kunidanganya. Nilimtazama miguu kila asubuhi kwa uhakika tu, na haikuwa imevimba.

Koti nilikutana nalo kwa pua. Kabla ya kwenda shambani mama aliniambia nitoe mbegu za maharagwe kwenye gunia chini ya kitanda, na nilipoingiza kichwa nikasikia harufu ya moshi na maziwa, harufu ya Karuba. Lilikuwa limekunjwa chini kabisa. Tope jekundu la Omate lilikuwa limekaukia mabegani na kwenye kola, mahali ambapo udongo unamwangukia mtu kutoka juu. Baba asingeweza kuliacha koti. Nililikalia pale chini kwa muda mrefu. Mama hakurudi, wala sikumsubiri.

Nililivaa. Lilinifika miguuni, na jua lilikuwa kali. Nikatembea nalo hadi dukani, watu wakipisha. Papa Kambale alikuwa anampimia mwanamke mmoja makayabo, na aliponiona alibaki ameshika samaki hewani.

"Ulinidanganya," nilisema. "Utavimba."

 Alifungua mdomo, na nilitaka aseme kitu, nilitaka sana. Akamrudisha samaki kwenye mizani. Wiki ile ile tukasikia kwetu kumetulia kidogo, mama akafunga sufuria ndani ya blanketi tena. Papa Kambale alikuja kutuaga na mfuko wa chumvi. Mimi nilijificha nyuma ya kanisa, kwenye jiwe langu, hadi alipochoka kuniita.

Mama alinieleza njiani. Shimo liliporomoka, na baba alikuwa amekufa kabla hata mimi sijatiwa damu. Papa Kambale ndiye aliyesema tungoje kwanza. "Alisema, mutoto hana damu ya kulilia baba yake. Tungoje aongeze." Nilisikia, nikaelewa kila neno, na sikusamehe. Nilikuwa na hasira ya kugawa, na mama nilikuwa namhitaji, kwa hiyo yote nikampa Papa Kambale.

Miaka ikapita, nikasoma, nikafika shule ya maabara. Siku moja mwalimu akatufundisha kwamba seli nyekundu haina maisha marefu. Inaishi miezi minne hivi, ikizunguka mwilini bila kupumzika, halafu inachakaa, wengu na ini vinaivunja, nyingine inazaliwa kwenye uboho. Na aliyetiwa damu? nikauliza. Hata ya kutiwa, akasema, miezi minne ikiisha hakuna seli ya mgeni inayobaki. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kabla ya Noeli hadi mwezi wa saba: nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama mtoto. Siku ile aliponidanganya, damu yake ilikuwa imekwisha zamani ndani yangu. Na lile tone alilolilamba liliyeyushwa tumboni siku ile ile, pamoja na chumvi. Alikuwa mtu huru. Alikuwa mtu tu, amechoka na safari, mbele ya mtoto mwenye ndoo.

Nililia usiku huo, lakini nawaambia ukweli, sikulilia yeye. Nililia kwa sababu hakuna kitu chake kilichobaki, na nilijiona tena yule mtoto wa kwenye jiwe. Ningeweza kumpigia. Mama alikuwa bado anawasiliana naye; Papa Kambale alikuwa amerudi kwao Butembo, na kila baada ya muda mama aliniambia, "Anakusalimia." Nilijibu, "Sawa." Mara moja mama alisema, "Anauliza kama ni kweli unafanya kazi ya damu." Nikasema, "Mwambie ndiyo." Mwaka jana akasema miguu ya Papa Kambale imevimba. Nikajua ni figo au moyo, nikamwambia mama amwambie apimwe mkojo, nikarudi kwenye kazi yangu.

Aliyenipigia wiki iliyopita ni Masika, binti yake. Alianza kwa kunisalimia vizuri, akaniuliza kama nimekaa.

"Papa amefariki, dada. Alivimba, miguu, tumbo, hata macho. Baganga walisema ni figo. Lakini yeye alikataa."

"Alikataa namna gani?"

"Alisema haiko figo. Hakumwambia padri, mimi njo aliniambia. Alisema, kule Walikale nilinywana na mutoto, nikamudanganya, naye akanisemea nitavimba. Angalia sasa."

Nilimuuliza kama baba yake alikuwa anacheka alipokuwa anasema hayo. 

"Hapana, dada. Hakucheka. Alilia."

Basi nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa sauti ninayotumia kwa wagonjwa: miezi minne, Noeli, mwezi wa saba, chumvi. Nikamwambia kwamba siku ile baba yake hakuvunja kitu, kwamba hapakuwa tena na damu yoyote kati yetu ya kumvimbisha mtu, kwamba ni figo, ni figo tu. Niliongea sana. Nilisikia watu wakiimba nyuma yake, na sufuria za msiba zikigongana.

"Hii kitu," Masika aliniuliza mwishoni, "wewe uliijua tangu lini?"

Ningeweza kusema mwaka jana. Ningeweza kusema nimeisoma jana tu kwenye kitabu, na angeniamini, na angelala. Lakini yule ni mtoto wa Papa Kambale, na mimi siwezi kumdanganya.

"Miaka kumi na moja," nilimwambia.